Buti za modi zikiacha pengo kifundoni

Nimeisotea hii juzi usiku kwenye kompyuta ya dogo mmoja hapa Kirumba: gemu ya Skyrim, mhusika kavaa buti mpya za modi (nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji), na kati ya mguu na buti kuna uwazi, unaona mpaka majani ya nyuma. Usifute modi. Fungua BodySlide, programu ya kurekebisha umbo la mwili na mavazi ya mhusika, chagua buti hizo, weka umbo lilelile ulilojengea mwili, bonyeza Build. Kwa kawaida buti huwa na faili mbili za umbo, _0.nif ya mtu mwembamba na _1.nif ya mnene, na gemu inazichanganya kulingana na uzito wa mhusika; buti zikijengwa kwa umbo jingine, kingo hazikutani na mguu. (Sisi tulisahau faili mpya ndani ya Overwrite, folda ambako Mod Organizer, programu ya kupanga modi, huweka faili zinazotengenezwa, tukadhani Build imegoma.) Haisaidii kama buti ni za mwili wa UNP na wewe unatumia CBBE (hizo ni modi mbili tofauti za mwili wa kike), tafuta toleo la CBBE. Na visigino virefu vikizama ardhini, hilo jingine kabisa: kagua kwanza kama umeweka RaceMenu, modi ya kurekebisha sura na mwili wa mhusika; modi nyingi za visigino huitegemea kumwinua mhusika.