Somo: Kumtoa mteja kwenye kisanduku cha kutafutia cha Instagram hadi kwenye tovuti yako

Wanachama wenzangu, somo hili linawahusu wenye tovuti za biashara ambazo wageni wake ni jamaa na marafiki waliotumiwa linki tu. Mwaka 2022 Prabhakar Raghavan, aliyekuwa akisimamia utafutaji wa Google, alisema hadharani kwamba katika tafiti zao karibu asilimia 40 ya vijana wanaotafuta mahali pa kula mchana hawaendi Google wala kwenye ramani zake, bali huingia TikTok au Instagram. Mtu anayetafuta ana haja tayari, naye ni tofauti kabisa na yule anayepitisha picha kwa kidole akingoja daladala.

Nitatumia mfano wa fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, niliyemsaidia kupanga akaunti yake.

Hatua ya kwanza: okota maneno ya wateja. Fungua kisanduku cha kutafutia cha Instagram, andika "kitanda cha", kisha usibonyeze chochote bali usome mapendekezo yanayojitokeza chini yake. Rudia zoezi hilo TikTok, YouTube na Facebook, kisha pitia jumbe za WhatsApp ambazo wateja wamekuwa wakikutumia. Fundi wetu alikuwa akiandika "luxury bedroom set" chini ya kila picha, ilhali wateja wake walikuwa wakiuliza "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei gani". Hakuna aliyewahi kumpigia simu akiomba kitu chenye jina lile la kwanza.

Hatua ya pili: yaweke maneno hayo panaposomwa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza, kwa hiyo tusiende haraka. Kwenye Instagram, sehemu ya jina iliyo juu ya wasifu (profile) huangaliwa mtu anapotafuta; fundi alikuwa ameweka jina la duka na taji mbili za dhahabu, tukaandika "Vitanda vya Mninga Keko". Fikiri kabla ya kubadilisha, kwa sababu jina hilo hubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14. Katika maelezo ya picha, mstari wa kwanza utaje kitu, mbao, kipimo, mahali na bei. Ile desturi ya "bei njoo inbox" mimi naiona ni kujifungia duka mwenyewe. Kwenye video, yatamke maneno hayo kwa sauti na uyaandike yaonekane kwenye skrini.

Hatua ya tatu: mfikishe panapohusika. Linki iliyoandikwa ndani ya maelezo ya picha ya Instagram haibonyezeki, lakini wasifu unaruhusu linki hadi tano. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo, ambako aliyetafuta kitanda hupokewa na picha ya jengo na salamu za mkurugenzi. Linki ya vitanda iende kwenye ukurasa wa vitanda, wenye bei, vipimo, muda wa kutengeneza na kitufe cha WhatsApp, nao ufunguke upesi hata kwa bando dogo.

Hatua ya nne: weka alama kwenye linki. Mwishoni mwa anwani ongeza ?utm_source=instagram&utm_medium=social, na kwa mitandao mingine ubadilishe jina la mtandao. Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, itakuonyesha wageni wametoka wapi.

Maswali ya wanachama

*Ndugu mtoa somo, kama wateja wako Instagram, tovuti ya nini tena?*
Akaunti ikifungiwa au ikidukuliwa, unabaki bila duka. Isitoshe, mteja anayetaka kulinganisha vitanda vinane huchoka kufukua posti za mwaka mzima, wakati kwenye tovuti anaviona pamoja.

*Je, nikijaza hashitagi nyingi sitaonekana zaidi?*
Hapana. Chache zinazotaja bidhaa na mahali zinatosha.

*Posti za Instagram zinaweza kuonekana Google?*
Ndiyo, tangu Julai 2025 posti za wazi za akaunti za biashara zinaweza kuonekana huko. Hiyo ni sababu nyingine ya kuandika maelezo kamili badala ya vikaragosi (emoji) vya moto.

*Dada yangu anauza makabati. Wateja wanaibua posti yake ya zamani wakati bei imeshapanda, na ugomvi hauishi. Aifute?*
Asiifute, maana ndiyo inayomletea watu. Aihariri maelezo yake, aandike bei mpya pamoja na tarehe, na aongeze kwamba bei ya leo ipo kwenye tovuti kupitia linki ya wasifu. Kama bei ya zamani imechorwa ndani ya picha yenyewe, atangulize maneno "BEI IMEBADILIKA" kwenye mstari wa kwanza, na picha zijazo azitoe bila bei juu yake.