Linda miguu yake: neva katika upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi

Mwanzoni mwa kazi yangu niliitwa wodini alfajiri. Mama tuliyemtoa kizazi na tezi za limfu za nyonga jana yake alishuka kitandani kwenda msalani, goti likamkunjika, akaanguka. Wembe haukuwa umekaribia neva ya paja, mshipa wa fahamu unaowezesha goti kunyooka. Kilichomuumiza ni chuma cha kupanulia tumbo, tulichokiacha kimembana kwa saa nne. Wewe unayeanza kuingia chumba cha upasuaji, fuata hatua hizi.

1. Kabla ya dawa ya usingizi, mwambie mgonjwa anyooshe goti, abane mapaja, anyanyue vidole vya miguu. Andika kwenye faili. Mwenye kisukari au aliyepewa sisiplatini, dawa ya saratani, huenda tayari ana ganzi miguuni.

2. Mlaze vizuri. Miguu ikiwekwa juu ya vishikio, nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90 wala mapaja yasipanuliwe mno. Chini ya goti, upande wa nje, neva imelalia mfupa karibu kabisa na ngozi. Weka sponji hapo. Ikibanwa, mguu huburuza vidole.

3. Chuma cha kupanulia. Hapa usiwe na haraka. Chagua mabapa yake, yaani sehemu zinazoingia tumboni, yawe mafupi kadiri inavyowezekana, hasa kwa mama mwembamba. Kisha pitisha kidole kati ya ncha ya bapa na psoasi, msuli mnene wa kando ya uti wa mgongo unaoshuka hadi pajani. Kidole kisipopita, bapa limeukandamiza msuli, na neva ya paja imo humo. Badilisha bapa, au kunja kitambaa uweke kati ya chuma na ngozi ili bapa lipande juu. Kila kazi inapotulia, legeza.

4. Kutoa tezi. Chini ya mshipa mkubwa wa vena ukutani mwa nyonga utaona uzi mweupe, bapa kidogo: neva ya obtureta, inayowezesha mapaja kubana. Usikate wala kuchoma chochote pale kabla hujauona. Damu ikifoka, kandamiza kwa shashi. Usibane kwa kubahatisha. Neva ikikatika, sema papo hapo. Ncha zikifikiana bila kuvutana, huungwa kwa uzi mwembamba wa 7-0 au 8-0 kabla tumbo halijafungwa.

5. Asubuhi, kabla hajakanyaga sakafu, rudia vipimo vya hatua ya kwanza. Goti likiwa dhaifu, asishuke peke yake, na mtaalamu wa fiziotherapia aitwe siku hiyo hiyo. Neva iliyobanwa tu mara nyingi hurudi, kwa wiki au miezi. Lakini udhaifu ukizidi na kinena kikiuma, huenda damu inavilia ndani: mwite daktari bingwa saa hiyo hiyo, usingoje raundi.

Halafu vuta kiti, kaa karibu na mama, umweleze kilichotokea. Yule wa kwangu aliniuliza swali moja tu: “Daktari, nitaweza kubeba ndoo?” Baada ya miezi minne aliibeba.