Mguu Unaanzia Wapi? Kuandika Faili na Kutoa Kodi ya Mgonjwa Anayetembea kwa Shida

Jumatatu asubuhi hapa Moshi, katika mafaili kumi ya kwanza yanayofika mezani kwangu, hayakosi matatu yenye maneno haya: "Maumivu ya miguu, anatembea kwa shida." Basi. Dawa zimeandikwa, saini ipo, na mimi wa kumbukumbu za tiba natakiwa nitoe kodi. Nasema kodi kwa maana ya msimbo wa ugonjwa, si ya nyumba. Siku moja nilimwambia bibi mmoja wa Kibosho kwamba nasubiri kodi yake, akaanza kufungua pindo la kanga.

Nawaandikia wenzangu wa kumbukumbu na matabibu wanaoanza kazi. Misimbo yote hapa ni ya ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani.

Hatua ya 1: Uliza ni wapi kwenye mguu

Kiswahili kinatutega hapa. Mguu ni kuanzia nyonga mpaka kidole gumba, wakati orodha inataka kiungo chenyewe. Goti lililosagika ni M17, nyonga iliyosagika ni M16, na shingo ya mfupa wa paja iliyovunjika ni S72.0. Mgonjwa atakuambia yote matatu kwa neno moja: "mguu."

Mimi husema, "Shikamoo bibi. Naomba unioneshe kwa kidole kimoja panapouma." Kimoja, kwa sababu ukimwachia kiganja atapapasa mguu mzima. Kisha andika ni kulia, kushoto au kote kuwili.

Hatua ya 2: Andika kitenzi cha mwendo wake

"Anatembea kwa shida" hakumwambii kitu mtu ambaye hakumwona mgonjwa. Lakini lugha yetu ina vitenzi vya kutosha kwa kazi hii, na sijui kwa nini tunaviacha getini. Anayechechemea anaukwepa mguu unaouma. Anayepepesuka, tena ametanua miguu kama aliye kwenye mtumbwi, tatizo lake huenda ni la mizani ya mwili, na mwendo wa namna hiyo una msimbo wake, R26.0. Anayekokota mguu mmoja, umekakamaa na ncha ya kiatu imeliwa upande, anaelekea R26.1, mwendo wa kupooza. Anayejikongoja kwa fimbo huku anasimama kila baada ya hatua chache, muulize kinachomsimamisha ni maumivu, pumzi au woga wa kuanguka.

Sikiliza na maneno ya mgonjwa mwenyewe. "Nyayo zinawaka moto" au "nakanyaga kama nakanyaga pamba" kwa mtu mwenye kisukari ni habari nzito. Iandike kama alivyoisema, ndani ya alama za kunukuu, umwachie daktari aitafsiri.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo kabla ya kukimbilia R26

R26.2 ni shida ya kutembea isiyoainishwa kwingine. Hilo "kwingine" ndilo la kuzingatia: sura yote ya R ni ya dalili, na dalili inasimama peke yake pale tu ambapo chanzo hakijajulikana. Kwenye kituo nilichoanzia kazi nilikuwa naibandika R26.2 kila mahali. Bahasha ya madai ikarudi kutoka kwa bima. Mama kapigwa eksirei ya magoti, kachomwa sindano ya goti, kodi inasema tu anatembea kwa shida! Daktari alikuwa ameandika goti kusagika, ukurasa wa nyuma. Sikuwa nimeufunua.

Vyanzo ninavyokutana navyo sana ni hivi.

Kiharusi cha zamani. I64 ni ya kiharusi kipya ambacho aina yake haikuelezwa. Aliyeugua miaka miwili iliyopita na leo amekuja kwa sababu upande umepooza, tanguliza G81 ya kupooza upande mmoja, kisha ongeza I69.4 ya athari za kiharusi. Ukiandika I64 kila anaporudi kliniki, takwimu za mkoa zitaonesha mtu mmoja kapata viharusi vinane.

Kisukari cha aina ya pili kilichoharibu neva: E11.4 yenye alama ya msalaba, yaani ya chanzo, hutangulia, G63.2 yenye nyota, yaani ya athari yake, hufuata. Ya nyota haisimami peke yake.

Bodaboda. Jeraha la leo linapewa msimbo unaoanza na S, pamoja na msimbo wa ajali yenyewe. Mfupa uliounga vibaya tangu mwaka juzi ni M84.0, ukiambatana na T93 ya athari za majeraha ya mguu.

Halafu kuna matege. Kwetu huku, hasa upande wa Arumeru kama Maji ya Chai, maji yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto mwenye matege na meno yenye madoa ya kahawia si lazima awe na matege ya kukosa vitamini D, ambayo ni E55.0. Daktari akiandika floridi kwenye mifupa, hiyo ni M85.1, na meno ni K00.3. Asipoandika chanzo, matege yenyewe ni M21.1. Wewe usimpimie mgonjwa ugonjwa kwa kuangalia meno. Andika anakunywa maji ya wapi, basi.

Hatua ya 4: Pima uwezo kwa namba

Mwombe mtaalamu wa mazoezi tiba aandike sekunde: mgonjwa anyanyuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Kwa mzee, sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari ya kuanguka. Ongeza na kipimo cha nyumbani: "Mwaka jana alifika soko la Mbuyuni kwa miguu, sasa anaishia mlangoni." Anayetegemea kiti mwendo ana Z99.3. Aliyekuja kupimiwa mguu wa bandia ana Z44.1, na Z89 ya kukatwa mguu.

Hatua ya 5: Usinakili tu kutoka kwenye simu

Ukitafuta intaneti utaletewa orodha ya Marekani, ambayo wameirefusha. M17.11 kwao ni goti la kulia. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani unaishia M17.1. R26.81 nayo ni ya kwao.

Hatua ya 6: Faili likigoma, lirudishe na swali moja

Usiandike "tafadhali fafanua". Daktari mwenye foleni ya watu arobaini hatafafanua. Yangu huwa hivi, kwenye kikaratasi kilichobanwa juu ya faili: "Daktari, goti la kushoto, eksirei ya tarehe 4 imo ndani. Ni kusagika, au jeraha la zamani? Zungushia moja."