Kabla hujawapeleka wanafunzi makumbusho ya vita

Mwalimu mwenzangu, kitu cha kwanza kabisa nenda mwenyewe bila watoto, pita kila chumba, maana picha za kwenye tovuti hazionyeshi kila kitu, unaweza kukuta kona fulani ina picha za maiti au sauti za mabomu gizani, na kwenye darasa lako huenda yumo mtoto aliyekimbia vita kweli au ambaye baba yake alikuwa mwanajeshi na hakurudi. Huyo ongea naye pembeni mapema, na mzazi wake pia, akitaka kubaki nje na mwalimu abaki, asihojiwe mbele ya wenzake. Imperial War Museum ya London wenyewe wanashauri watoto chini ya miaka 14 wasiingie kwenye vyumba vya maonyesho ya mauaji ya Wayahudi, so uliza na mnakoenda kama kuna ushauri wa hivyo.

Buking, ruhusa za wazazi, dawa za wenye pumu, majina ya kila kundi na mkubwa wake, hayo unayajua. Waambie tu waache mabegi makubwa, wabebe penseli, na wasishike vitu, na uwaeleze kwa nini: jasho la mikono lina chumvi, chuma kinapata kutu. Ukiwaeleza sababu wanatii.

Sasa hapa ndo wengi tunakosea, tunawapeleka hawajafundishwa kitu, wanaishia kushangaa mizinga. Wape hata kipindi kimoja kabla. Chukua kifaru, kiliingia vitani mara ya kwanza Septemba 1916 kule Somme, Ufaransa, kwa sababu mahandaki, seng'enge na bombomu (bunduki za rashasha) vilikuwa vimewazuia askari wasisogee, na mle ndani watu wanane walikaa na joto na moshi wa injini. Mtoto anayejua hilo akikiona kifaru atauliza waliokuwa ndani walipumuaje.

Maswali arobaini ya kujaza achana nayo. Mwambie kila mmoja achague kitu kidogo, barua, buti, kikombe cha bati, aandike kilikuwa cha nani, halafu aangalie nani hayupo kabisa kwenye maonyesho. Vita ya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, upande wa Waingereza wapagazi walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa na magonjwa, je wamewekwa wapi?

Na mkitoka msipande basi hapohapo, tenga nusu saa wakae chini waongee, wengine watakuwa kimya, waache.