Kukiona Kituo cha Anga za Juu kwa macho, ukiwa Arusha au Moshi

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (kwa kifupi ISS) hakihitaji darubini. Kinaizunguka dunia kwa takriban dakika 90, kikiwa kilomita 400 hivi juu yetu, na kikipita vizuri hung'aa kuliko nyota yoyote. Ndani yake wameishi watu bila kukatika tangu Novemba 2000. Tovuti ya bure, heavens-above.com, itakutajia dakika kitakapopita juu ya paa lako. Ila haijui uko wapi, unahesabu saa vipi, wala mlima gani umekukinga. Hayo matatu ni juu yako.

Hatua ya 1: Mahali

Usipoigusa tovuti hii, inakuhesabu uko latitudo 0 na longitudo 0, yaani baharini kwenye Ghuba ya Guinea. Ingia sehemu ya kubadilisha mahali, uandike namba mwenyewe. Arusha mjini ni -3.37 na 36.69, Moshi ni -3.35 na 37.34. Ile alama ya kutoa ndiyo inayosema kusini mwa ikweta. Ukiiacha, unahamia kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana.

Kuhakiki ni rahisi. Pakua Stellarium, programu inayoonyesha ramani ya anga, kwenye kompyuta, ni bure, uweke namba zilezile kisha uangalie kaskazini. Nyota ya Kaskazini ikionekana juu ya upeo wa macho, umesahau alama ya kutoa. Kwetu nyota hiyo iko kama digrii 3 chini ya upeo, haionekani kabisa.

Hatua ya 2: Saa

Chagua majira ya saa 3 mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Kisha geuza kwa saa zetu: 19:04 ni saa 1 na dakika 4 usiku, 05:20 ni saa 11 na dakika 20 alfajiri. Orodha ikikuonyesha 16:04, wakati jua bado liko juu, ujue majira hayajabadilika.

Hatua ya 3: Kusoma orodha

Fungua orodha ya siku 10 ya ISS. Safu ya mng'aro husomwa kinyume: namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo kinavyong'aa zaidi. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ni -1.5. Mimi huchagua mapito ya -2.5 au chini ya hapo, yanayofika angalau digrii 40 juu ya upeo wa macho. Mengine yaache, hasa kama unawaita majirani.

Herufi ni pande: N kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. Ukiona pito la jioni linaishia digrii 38 juu badala ya 10, karibu na upeo, si kosa la tovuti. Kituo hakina mwanga wake, kinaakisi jua, na hapo ndipo kinapoingia kwenye kivuli cha dunia. Kitazimika katikati ya anga mbele ya macho yako. Alfajiri huwa kinyume: kinawaka ghafla kikitoka kivulini.

Hatua ya 4: Mlima

Hili hakuna tovuti itakayokufanyia. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni digrii 10 hivi. Ukiwa Moshi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeziba anga ya kaskazini kwa karibu ngumi nzima. Arusha mjini, Mlima Meru uko kaskazini ukielekea kidogo mashariki, na unazidi ngumi moja kwa sababu uko karibu zaidi. Tovuti inahesabu pito kuanzia digrii 10, kwa hiyo kituo kikitokea upande wa mlima ongeza subira, usikate tamaa. Bora zaidi, chagua mapito ambayo kituo hufika juu kabisa kikiwa upande wa kusini.

Mawingu nayo yahesabu. Moshi naamini zaidi alfajiri, kabla mlima haujavaa wingu lake.

Hatua ya 5: Kutazama

Toka dakika 10 mapema, zima taa ya nje, simu iweke mfukoni. Tafuta nukta nyeupe inayokwenda taratibu, bila kupepesa na bila sauti. Kikimeta chekundu na kijani, hiyo ni ndege ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

Masika anga ikifunga, ingia zooniverse.org. Pale unapewa picha halisi za darubini uzipange kwa kuziangalia, na kazi yako hutumiwa na wanasayansi. Mwaka 2007 mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akipanga picha za magalaksi (makundi makubwa mno ya nyota) kwenye mradi wa Galaxy Zoo, aliona doa la ajabu ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelitilia maanani. Likaja kuthibitishwa kuwa wingu kubwa la gesi, na leo linaitwa kwa jina lake. Picha hizo hula bando, hivyo tafuta Wi-Fi.