Somo: Kuwatazama ndege wageni wa Mida, kusi ikianza kulegea

Ikifika Agosti, kule kaskazini kiangazi kinaishia na ndege wa pwani waliotaga Siberia na Asia ya Kati wanaanza kushuka kwetu. Hapa kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, mwanzoni mwa mwezi huo unaona wachache tu, kisha wanazidi wiki baada ya wiki hadi Oktoba, tope linapojaa ndege. Wengi mmeniandikia kwamba mlikwenda, mkasimama kwenye daraja la mbao, mkaona tope tupu na vidoa vidogo mbali kabisa, mkarudi. Ndege walikuwepo, ila mlikwenda na maji mabaya. Ndiyo maana somo hili linaanza na maji.

HATUA YA 1: Jua maji kabla ya kutoka nyumbani

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupwa mpaka mbali na kujaa mpaka ndani ya mikoko. Siku za bamvua maji hujaa tele kuelekea saa kumi, usiku na alasiri, na hupwa kuelekea saa nne. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Ukitaka dakika kamili tazama jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, au muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kutazama saa.

Fika maji yakiwa yanajaa, muda wa saa tatu hivi kabla hayajafika juu. Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika kwenye tope lote, kila mmoja na shughuli yake, na wengi wako mbali mno. Maji yakianza kurudi huwasukuma polepole. Kila dakika tope linapungua na ndege wanakaribiana, wanakuja upande wako bila wewe kunyanyua mguu. Kama ni siku ya bamvua na maji yanajaa saa kumi alasiri, saa saba uwe umeshakaa. Jua litakuwa limeanza kuelekea magharibi, kwa hiyo chagua mahali ambapo litakupiga mgongoni, la sivyo kila ndege utamwona mweusi.

HATUA YA 2: Kaa, nyamaza, usiwafuate

Daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko lina kibanda mwishoni, na hapo ndipo pazuri kwa anayeanza. Daraja hilo ni la mradi wa jamii, na kiingilio chake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vilivyo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori lenyewe. Ukipendelea kushuka kwenye tope, nenda na mwongozaji wa hapo. Kuna sehemu tope linashika hadi gotini, na maji ya bamvua yanarudi kwa kasi kuliko unavyodhani.

Vaa rangi zisizong'aa. Beba darubini, kofia, maji ya kunywa, daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino na chumvi ya bahari havipatani.

HATUA YA 3: Anza na mdomo na mwendo, rangi baadaye

Kwa Kiswahili ndege wengi wadogo wa ufukweni tunawaita vitwitwi tu, jina moja kwa jamii nyingi. Usihangaike na majina siku ya kwanza. Tazama mdomo ulivyo na mguu unavyokwenda.

Mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu, mwili wa kahawia, mistari kichwani: huyo ni sululu. Akiruka hutoa mluzi mfupi unaorudiwa haraka haraka, kama mara saba. Utamsikia kabla hujamwona. Akimkamata kaa mkubwa humtikisa mpaka magando yatoke, ndipo ammeze.

Mdomo mrefu uliopinda juu, miguu mifupi ya manjano, na mbio za kukata huku na huku akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba ameangusha kitu: wataalamu humwandika Xenus cinereus. Anataga kwenye nchi za baridi kutoka Finland hadi Siberia, na Mida anapatikana kwa wingi. Kwa mwanafunzi ni ndege mzuri kuanzia, maana hakuna mwingine pale mwenye mdomo na mwendo huo.

Wanaosimama, wakakimbia hatua chache, wakasimama tena, na mdomo wao ni mfupi, ni jamii nyingine: hao huwinda kwa macho. Wanaotembea wakidunga tope mfululizo kama cherehani huwinda kwa kupapasa, kwa ncha ya mdomo. Ukishika tofauti hii moja, nusu ya kazi umeimaliza. Mmoja wa wale wa kusimama-na-kukimbia ni mkubwa wa kijivu, na akiruka anaonyesha kwapa nyeusi. Hizo kwapa ndizo kitambulisho chake, mtafute akinyoosha mabawa.

Kwenye mchanga wa nje, upande wa bahari kuu, yuko mweupe mdogo anayekimbizana na wimbi, likirudi analifuata, likija anakimbia. Huyo hana kidole cha nyuma. Pale penye mawe utamkuta mfupi mnene anayegeuza mawe na mwani kwa mdomo kutafuta wadudu.

HATUA YA 4: Tofautisha wazee na watoto

Hapa ndipo ningependa mkae muda mrefu kuliko kwingine kote, maana mwezi wa Agosti na Septemba ndio wakati pekee ambapo mambo haya mnayaona kwa macho.

Mtazame kitwitwi mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kuelekea ncha, Calidris ferruginea. Anataga kwenye nyika za barafu za Siberia kaskazini kabisa. Akiwa huko huwa mwekundu wa matofali kuanzia uso hadi tumbo. Wazee wanapofika kwetu Agosti, wekundu huo haujaisha: utaona viraka kifuani, kama ukuta uliobanduka rangi. Wiki chache baadaye viraka vimetoka na wote ni wa kijivu. Kisha wanaingia wengine, kifua kina rangi hafifu ya ngozi na kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe safi, kama magamba ya samaki. Hao ndio watoto wa mwaka huu.

Dume wa ndege huyu hahusiki na kuatamia. Akishapandana huondoka mapema. Jike hubaki na mayai na vifaranga, kisha naye huondoka. Vifaranga wakishaota mabawa husafiri nyuma ya wazazi wao, bila baba wala mama. Wale wenye magamba mnaowaona wakidunga tope la Mida mwezi wa Septemba wamezaliwa Juni au Julai, wamevuka bara zima, na njia hawakuonyeshwa na mzazi. Kila mwaka nikimwona wa kwanza huacha kuhesabu kidogo nikamtazama tu.

Sasa mgeukie mla kaa. Namwita hivyo kwa kazi yake, na jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola. Mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu cha samawati, mdomo mweusi mnene kama kisu cha kufulia nazi. Yeye hatoki Siberia. Anataga kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuanzia Ghuba ya Uajemi na Uarabuni hadi Bahari ya Shamu na Somalia, na anafanya jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa jamii hii anayelifanya: anachimba handaki mchangani na kutaga humo yai moja tu, jeupe. Yule mtoto mmoja anakuja naye mpaka huku.

Septemba iliyopita nilikaa karibu saa nzima nikiwatazama wawili. Mtoto alikuwa wa kijivu mgongoni, ameinama, shingo ameivuta ndani, akipiga mluzi mwembamba bila kupumzika. Mzazi alitembea mbele yake hatua tatu, akasimama, akangoja. Akadunga. Akatoka na kaa mdogo, akamgonga kwenye tope, gando likaruka. Badala ya kumeza akageuka. Mtoto alikuja mbio mabawa yakitetemeka, akampokea. Kisha mluzi ukaanza upya. Mtoto yule anajua kuruka, ameshavuka bahari, na bado analishwa.

HATUA YA 5: Hesabu na uandike

Hesabu ndege kumi, uone kumi ni eneo la ukubwa gani kwenye darubini, kisha lipime kundi kwa hizo kumi. Kundi likiwa kubwa pima kwa hamsini. Andika tarehe, saa, hali ya maji, mahali, idadi, na wangapi ni watoto kama umewatambua. Hali ya maji msiisahau: ndege 40 maji yakiwa juu na ndege 40 yakiwa yamepwa ni habari mbili tofauti. Kumbukumbu zenu zipelekeni Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambako hukusanywa pamoja na za nchi nzima.

Maji yakifunika tope lote, ndege huruka kwa pamoja kwenda kulala mahali pakavu mpaka maji yapungue. Msiwafuate huko.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Sina darubini na sina uwezo wa kununua kwa sasa. Nije au nisubiri?

Marahaba. Njoo. Mla kaa, sululu, yangeyange na heroe unawaona kwa macho matupu ukiwa kwenye kibanda saa ya mwisho ya maji kujaa. Zaidi ya hapo, jifunze sauti. Fumba macho dakika tano, hesabu ni sauti ngapi tofauti umesikia. Nawajua waongozaji wanaotambua ndege kwa mluzi kabla hawajainua darubini.

Kaka, mimi niliwaona ndege hawa mwezi wa Juni, na wewe unasema wanakuja Agosti. Nani kakosea?

Hujakosea, dada. Wengi wa wale waliozaliwa mwaka uliotangulia hawarudi kaskazini msimu wao wa kwanza. Bado hawajafikia kutaga, safari ni ya gharama kubwa kwa mwili, basi hubaki huku. Ukiwaona Juni, tazama manyoya yao: kwa kawaida yamechakaa, na hawana ule wekundu.

Nisogee mpaka umbali gani ili nipige picha nzuri?

Sitakupa mita, kwa sababu sululu huruka ukiwa mbali na yule mgeuza mawe anakuvumilia. Tazama vichwa. Wakiacha kula wakanyoosha shingo, umeshafika mwisho, simama. Wakianza kutembea wakikuacha, rudi nyuma. Miaka ya mwanzo nilipeleka kikundi karibu mno na kundi likaruka lote, likazunguka mara tatu kabla ya kutua. Ilinisikitisha sana, maana wakati huo wazee wamewasili wamekonda na wanaanza kubadilisha manyoya ya mabawa. Kila kuruka kwa bure kunatoka kwenye chakula wanachohitaji kwa kazi hiyo.

Ami, mimi ni mvuvi, na huwa nachimba chambo hapo hapo kwenye tope. Je, ninawaharibia?

Mwanangu, wewe na ndege mnatafuta riziki kwenye tope moja, na huyo mvuvi anayechimba sehemu moja kwa utulivu ndege humzoea upesi. Kinachoumiza ni kuchimbua eneo lile lile kila siku bila kulipumzisha, na mbwa wanaoachiwa kukimbiza. Hamisha mashimo yako, na ukimaliza yafukie. Na usiache nyavu mbovu kwenye mizizi ya mikoko, miguu ya ndege hunasa humo. Mengi ya hori hili yamo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, kwa hiyo ulizia kwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni wapi panaruhusiwa.

Nimeona ndege ana pete mguuni. Nifanye nini?

Andika mguu upi, kushoto au kulia wa ndege mwenyewe, juu ya goti au chini, na rangi kwa mpangilio kuanzia juu kwenda chini. Kama ni kibendera chenye herufi, jaribu kupiga picha. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lenye kituo chake Watamu, wamekuwa wakiwavisha pete ndege wa Mida kwa miaka mingi, waandikie wao au idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa Nairobi. Ukimkuta amekufa usimguse kwa mikono mitupu, piga picha ya pete hapo alipo na uwaarifu KWS.

Je, nyangumi nao? Wageni wangu wanakuja wiki ya mwisho ya Agosti.

Wakati wenyewe ndio huo. Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya kusini kuzaa kwenye maji ya joto, na mbele ya Watamu huonekana zaidi Julai hadi Septemba. Lakini hao hawaingii horini, wako nje ya mwamba, unahitaji boti na nahodha anayejua kukaa mbali nao. Kusi ikiwa bado kali bahari huchafuka, basi panga boti asubuhi mapema. Siku ya bamvua maji yatakuwa yakijaa alasiri ile ile, kwa hiyo mkirudi salama kuleni, mpumzike, na saa saba muwe mmeshakaa kibandani.