Kula Katika Mkahawa wa Hoteli Kubwa Jijini Nairobi Bila Kushtuliwa na Bili

Neno "hoteli" lina sura mbili Nairobi: ni kibanda cha chai na maharagwe mtaani, na ni jumba la ghorofa nyingi lenye mkahawa ndani yake. Katika hilo la pili si lazima uwe umekodi chumba ndipo ule. Ukishakaguliwa mkoba langoni, mweleze mlinzi kwamba unakwenda mkahawani. Kwa chakula cha mchana cha Jumapili ni vyema upige simu mapema uwekewe meza, na papo hapo uulize kama siku hiyo ni bufee au menyu, watoto hulipiwa kiasi gani, na kama bei unayotajiwa imejumuisha kodi.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya ni asilimia 16, ushuru wa utalii ni asilimia 2, na baadhi ya hoteli huongeza ada ya huduma. Ada hiyo ikiwa asilimia 10, bufee iliyotangazwa kwa shilingi 3,000 bila makato hayo hulipiwa shilingi 3,840. Kwa familia ya watu wanne nyongeza ni shilingi 3,360, yaani zaidi ya bei iliyotangazwa ya mlaji wa tano. Maelezo hayo huchapishwa chini kabisa ya menyu, kwa herufi ndogo.

Penye bufee, zunguka kwanza mikono mitupu. Wengi hujaza wali na viazi mwanzoni mwa meza, kisha wakamfikia mpishi anayekata nyama ya kuchoma hali sahani haina hata pa kuweka kachumbari. Kila unaporudi chukua sahani safi, na ile uliyomaliza uiache mezani, kisu na uma vikiwa vimelazwa sambamba, mhudumu aiondoe.

Chupa ya maji ikiletwa bila kuagizwa, uliza bei kabla haijafunguliwa. Mimi huuliza bila haya, kwa kuwa vinywaji mara nyingi havimo katika bei ya bufee.

Bili isome mstari kwa mstari. Ikiwa ada ya huduma imo, bahshishi ni hiari yako. Ukilipa kwa M-Pesa, linganisha jina la mpokeaji na lile lililo kwenye bili, kisha usubiri risiti kabla ya kuinuka.